Ala ya Programu Inapogoma Kuingia Kwenye Traki ya Sauti: Dalili, Visababishi na Namna ya Kurekebisha

Traki ya ala ya programu, yaani ala inayotengenezwa na kompyuta badala ya kifaa halisi, haina sauti ndani yake. Kinachohifadhiwa humo ni maagizo ya MIDI, mfumo ulioanza kutumika mwaka 1983 na ambao hadi leo hubeba mambo yale yale: noti ipi imebonyezwa, imebonyezwa kwa nguvu kiasi gani katika kipimo cha 0 hadi 127, imeachiwa lini, na pedali iko juu au chini. Sauti yenyewe hutengenezwa upya na plagini, yaani programu ndogo inayopachikwa ndani ya programu ya muziki, kila wimbo unapochezwa. Kwa hiyo kurekodi ala kama hiyo katika traki ya sauti ni kuidaka sauti mahali fulani katika safari yake kutoka kwenye plagini hadi kwenye spika, na sehemu kubwa ya matatizo yanayowasumbua maprodyuza hutokana na kuidaka mahali pasipofaa, au kuidaka mahali pawili kwa wakati mmoja.

Ni vizuri safari hiyo ikae kichwani kabla ya kugusa kitufe chochote. Noti hutoka kwenye kibodi au kwenye traki na kuingia katika plagini ya ala. Sauti inayotoka hapo hupita katika efekti kama vile kompresa (hupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) na riverbu (huongeza mwangwi). Kisha hupita kwenye kitelezi cha sauti cha chaneli. Kisha huelekezwa ama kwenye njia kuu ya kutokea ama kwenye njia ya ndani ambayo programu nyingi huiandika Bus. Na mwisho hufika kwenye kadi ya sauti. Ukikuta hitilafu, usianze kubadilisha mipangilio ovyo. Fuata njia hiyo hatua kwa hatua huku ukiangalia mita za chaneli moja baada ya nyingine. Pale ambapo mita moja inacheza na inayofuata imelala, hitilafu iko baina ya hizo mbili.

Mifano iliyomo humu imechukuliwa zaidi kutoka programu za kutengeneza muziki za Logic Pro, Ableton Live, Reaper na FL Studio, lakini mantiki ni ile ile katika Cubase, Pro Tools na nyinginezo.

Kwanza, je, kurekodi kunahitajika kweli?

Watu wengi hupambana na hitilafu za kurekodi ilhali kazi yao haihitaji kurekodi hata kidogo. Ikiwa noti zimekwisha kupangwa na unachotaka ni faili la sauti tu, labda kwa ajili ya kumpelekea fundi wa mikisi asiye na plagini zako, basi iachie programu igeuze yenyewe. Logic Pro ina amri ya Bounce in Place, Cubase ina Render in Place, Ableton Live hugandisha traki kwa Freeze kisha huifanya kuwa sauti kwa Flatten, na Reaper ina amri zake za kurenda (kugeuza traki kuwa faili la sauti) na kugandisha traki. Kazi hiyo kwa kawaida hufanyika kwa kasi kuliko muda halisi wa wimbo, na kwa kuwa kompyuta hailazimiki kuharakisha ili isikike papo hapo, mizigo mizito haisababishi mikatiko.

Kurekodi kwa muda halisi, yaani wimbo unacheza huku traki ya sauti ikinasa, kuna sababu zake chache za msingi. Unakuhitaji pale unapozungusha vitufe vya plagini kwa mkono na hutaki kuandika otomesheni (mabadiliko ya vitufe yanayojiendesha yenyewe), pale sauti inapopita nje ya kompyuta kwenye kinanda au kifaa halisi, pale plagini inapotoa matokeo mabovu ikirendwa haraka, na pale unapopiga ala papo hapo na unataka noti na sauti vihifadhiwe kwa pamoja. Nje ya hapo, naona ni kujitafutia kazi.

Traki ya sauti imerekodi, lakini ni kimya

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na visababishi vyake ni vingi kiasi kwamba linastahili subira.

Anza na chanzo cha traki ya sauti. Traki mpya ya sauti, katika karibu programu zote, huja ikiwa imeelekezwa kusikiliza tundu la kwanza la kadi ya sauti, ambalo ndilo la maikrofoni. Traki hiyo haijui kwamba kuna kinanda cha programu pembeni yake. Katika Logic Pro unatakiwa kubadilisha njia ya kutokea ya chaneli ya ala, kwa mfano kuwa Bus 5, kisha ubadilishe njia ya kuingilia ya traki ya sauti nayo iwe Bus 5. Namba zikitofautiana hata kwa moja, utapata kimya. Katika Ableton Live chagua jina la traki ya MIDI katika sehemu ya Audio From ya traki ya sauti. Katika Reaper huhitaji hata traki ya pili: bofya kwa kitufe cha kulia kwenye kitufe cha kurekodi cha traki yenye ala, na uchague irekodi kinachotoka, yaani Record: output (stereo), badala ya kinachoingia.

Kisababishi cha pili huwapotosha hata wazoefu, kwa kuwa hujitokeza pale tu mtu anapopiga kibodi mwenyewe. Noti za kibodi huenda kwenye traki iliyochaguliwa au iliyoandaliwa kurekodi. Ukibofya traki ya sauti ili kuiandaa, kibodi huacha kuzungumza na ala. Unabonyeza noti, taa ya MIDI inawaka, lakini plagini haipati kitu. Dawa katika Logic ni kuwasha kitufe cha R kwenye traki zote mbili, ile ya ala na ile ya sauti. Katika Live, kuandaa traki moja huiondoa nyingine, isipokuwa ukishikilia Ctrl kwenye Windows au Cmd kwenye Mac wakati unabofya. Au unaweza kuweka Monitor (mpangilio wa usikilizaji) ya traki ya MIDI kwenye In, na ala itaendelea kupokea noti bila kuandaliwa.

Tatu, angalia kama ala ina njia nyingi za kutokea. Plagini za ngoma, pamoja na Kontakt (plagini inayocheza sauti zilizorekodiwa tayari), zinaweza kutuma kiki (ngoma kubwa ya mguu) kwenye njia ya 1 na 2, sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali) kwenye 3 na 4, na kuendelea. Ukiwa umeelekeza njia ya kwanza tu kwenye traki ya sauti, utarekodi kiki peke yake na kudhani kwamba ngoma nyingine zimepotea. Ama uzirudishe zote kwenye njia ya 1 na 2 ndani ya plagini, ama uandae traki ya sauti kwa kila njia. Ikiwa wimbo unakwenda kwa fundi wa mikisi, njia ya pili ndiyo yenye heshima, kwa sababu kiki na sneya zikishaunganishwa katika faili moja hazitenganiki vizuri tena.

Watumiaji wa FL Studio wana sura yao ya tatizo hili. Ala ambayo haikupangiwa nafasi kwenye miksa hupita moja kwa moja hadi Master (njia kuu), na ukitoa nyimbo kwa chaguo la Split mixer tracks, ala hiyo haitapata faili lake. Hakikisha kila ala ina nafasi yake kwenye miksa kwanza. Na ukitumia Edison, plagini ya kurekodi ya FL Studio, kunasa sauti, kumbuka kwamba hunasa kinachofika kwenye nafasi ilipowekwa: efekti zilizo juu yake zitaingia, zilizo chini yake hazitaingia.

Baada ya hayo, pitia mambo madogo ambayo hayahitaji maelezo marefu. Traki ya ala isiwe imenyamazishwa, wala traki nyingine isiwe kwenye solo (isikike peke yake) na kuifunika. Kitelezi cha traki ya ala kisiwe kimeshushwa chini kabisa ikiwa unadaka sauti baada ya kitelezi. Na plagini yenyewe iwe imemaliza kupakia sampuli zake, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa tayari.

Traki imejaa noti badala ya mawimbi

Hapa hakuna hitilafu yoyote. Umerekodi traki isiyo sahihi. Katika Logic kipande cha MIDI huonekana kwa rangi ya kijani na cha sauti kwa rangi ya bluu, hivyo rangi tu inatosha kukujulisha. Andaa traki ya sauti, au ikiwa unatumia Reaper, badilisha hali ya kurekodi kama ilivyoelezwa hapo juu. Usifute noti hizo, kwani utazihitaji.

Sauti imekuwa nene, au inasikika kama inatoka ndani ya bomba

Ukisikia hivyo wakati wa kurekodi au baada yake, ala inakufikia kupitia njia mbili. Nakala mbili zinazofanana kabisa zikichezwa kwa pamoja huongeza desibeli 6, na mtu hujidanganya kwamba sauti imekuwa nzuri kumbe imekuwa kubwa tu. Nakala mbili zilizopishana kidogo ni mbaya zaidi, kwa kuwa baadhi ya masafa hufutana. Zikipishana kwa milisekunde 1, masafa ya 500 Hz hufutika, kisha 1500 Hz, kisha 2500 Hz, na kuendelea hivyo hivyo juu. Huo ndio ule mlio wa bomba.

Katika Logic chanzo chake huwa mara nyingi ni hiki: unapoelekeza ala kwenye Bus 5, programu hutengeneza yenyewe chaneli saidizi, Aux, inayopokea Bus 5 na kuipeleka kwenye spika. Wakati huo huo traki yako ya sauti, ikiwa imeandaliwa kurekodi, nayo inakusikilizisha Bus 5. Nyamazisha ile Aux, au ibakize na uzime usikilizaji wa traki ya sauti. Kimoja kati ya viwili, si vyote. Katika Live, weka Monitor ya traki ya sauti kwenye Off wakati unarekodi kutoka traki ya MIDI, ili uendelee kuisikia ala kupitia chaneli yake yenyewe pekee.

Ukishamaliza kurekodi, nyamazisha traki ya awali ya ala. Bounce in Place ina chaguo la kufanya hivyo yenyewe, na nashauri liwe limewashwa daima.

Mluzi au ngurumo inayokua

Punguza sauti kwanza, ulinde masikio na spika, ndipo utafute. Mara zote kisababishi ni mzunguko: traki ya sauti inasikiliza Bus 5 na wakati huo huo inatoa sauti kwenye Bus 5, au inasikiliza njia kuu na kutoa kwenye njia kuu. Traki inayorekodi inatakiwa kutoa kwenye njia tofauti na ile inayoisikiliza. Live hukulinda katika chaguo la Resampling kwa kuizuia traki isijirekodi yenyewe, lakini ulinzi huo haupo ukitengeneza njia zako mwenyewe. Ikiwa umetumia kadi ya sauti yenye chaguo la Loopback (kurudisha sauti inayotoka iingie tena) na pia umewasha usikilizaji wa programu, mzunguko unaweza kupita hata huko.

Traki iliyorekodiwa inachelewa, au inawahi

Kuna ucheleweshaji wa aina mbili, na watu huuchanganya kila siku.

Aina ya kwanza ni ule unaousikia mkononi: unabonyeza noti na sauti inakuja baadaye kidogo. Huo unatokana na ukubwa wa bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulichakata kwa mkupuo mmoja. Bafa ya sampuli 512 (sampuli hapa ni vipimo vya wimbi la sauti, 44,100 kwa sekunde) katika 44.1 kHz ni milisekunde 11.6 kwa upande mmoja tu, takriban muda ambao sauti hutumia kusafiri mita 4 hewani. Bafa ya sampuli 128 ni milisekunde 2.9. Ucheleweshaji huu huathiri namna unavyopiga, kwa sababu mkono hujaribu kufidia kile sikio linachosikia, lakini hauna athari yoyote unapogeuza noti zilizokwisha kurekodiwa. Kwa hiyo piga ala kwa bafa ndogo, kisha upandishe bafa hadi 1024 unapokwenda kurekodi sauti kutoka kwenye noti hizo.

Aina ya pili ni mawimbi kukaa mahali pasipo pake kwenye mstari wa muda hata kama noti ziko sawa. Huu unaweza kutoka kwenye plagini zinazotazama mbele kabla ya kufanya kazi, kama vile limita na ekwalaiza za fazi mstari, ambazo huchelewesha sauti ili zipate muda wa kuichunguza. Programu hufidia ucheleweshaji huo, lakini fidia inaweza kuwa imezimwa au imewekewa mipaka. Katika Logic ipo kwenye mipangilio ya sauti, nayo ina hali ya kuzimwa, ya traki za sauti na ala tu, na ya kila kitu. Ukirekodi kupitia Bus huku fidia ikiwa haizigusi njia hizo, pengo litaonekana. Reaper ina hali ya kurekodi kinachotoka pamoja na kufidiwa kwa ucheleweshaji, na ndiyo ya kuchagua pale traki ina plagini za namna hiyo.

Ikiwa umepitisha sauti nje kwa waya na kuirudisha kupitia kadi ya sauti, programu hutegemea kile dereva wa kadi (programu inayoiunganisha na kompyuta) anachokitaja kuwa ni ucheleweshaji wake. Baadhi ya madereva hutaja namba isiyo ya kweli. Hapo kipimo pekee cha kuaminika ni kufanya jaribio: weka mlio mmoja mfupi, kwa mfano mlio mmoja wa metronomu, mwanzoni kabisa mwa kipimo cha muziki (baa), urekodi kwa njia ile ile utakayoitumia kwa ala, kisha ukuze mwonekano hadi uone sampuli mojamoja na uhesabu pengo. Namba hiyo uiingize kwenye sehemu ya marekebisho ya kurekodi katika mipangilio ya programu. Ukibadilisha ukubwa wa bafa, rudia jaribio.

Kuna jaribio la pili ambalo huthibitisha kwamba nakala ya sauti ni sawasawa na ala yenyewe. Cheza ala na nakala yake pamoja kwa kiwango sawa, huku nakala ikiwa imegeuzwa polariti, yaani wimbi lake limepinduliwa juu chini. Vikifanana kabisa, utasikia kimya. Kikibaki kitu chembamba kama mlio wa juu juu, kuna pengo dogo la muda. Lakini usiogope ikiwa ala yenyewe hupiga sampuli tofauti kila noti inaporudiwa, au osileta zake (vizalisha mawimbi ya sauti) huanza mahali popote pale bila kufuata noti. Ala ya namna hiyo haiwezi kufutana hata na yenyewe, na jaribio hilo halikuambii chochote.

Mikwaruzo na mikatiko

Kabla ya kutibu, tambua mikwaruzo iko wapi. Cheza kipande kile kile mara mbili. Ikitokea mahali pale pale kila mara, imo ndani ya faili. Ikihamahama, faili ni zima na ni uchezaji unaolegea.

Mikwaruzo iliyo ndani ya faili ilitokea kwa sababu kompyuta ilishindwa kumaliza hesabu za sauti kwa wakati. Pandisha bafa, gandisha traki nyingine nzito, na uhakikishe unatumia dereva wa ASIO (aina ya dereva wa sauti wenye ucheleweshaji mdogo) wa mtengenezaji wa kadi ikiwa uko kwenye Windows. ASIO4ALL ni ya kukimbilia pale tu kadi haina dereva wake. Kwa wanaofanyia kazi kompyuta ya mkononi, angalia pia umeme. Unapokatika na kompyuta ikahamia kwenye betri, kompyuta nyingi hupunguza kasi ya prosesa bila kukuambia, na projekti iliyokuwa ikicheza vizuri dakika moja iliyopita huanza kukatika. Subiri umeme urudi, au weka mipangilio ya nishati iruhusu kasi kamili, au acha kurekodi na urende.

Maktaba kubwa za sampuli zina shida yao nyingine. Kontakt, kwa mfano, hupakia mwanzo wa kila sampuli kwenye kumbukumbu na kuisoma sehemu iliyobaki moja kwa moja kutoka kwenye diski wakati noti inapigwa. Ikiwa maktaba iko kwenye diski ya nje ya zamani inayozunguka, noti nyingi kwa pamoja huizidi nguvu. Hamishia maktaba kwenye SSD, au ongeza sehemu inayopakiwa mapema. Noti zikipotea kabisa badala ya kukwaruza, hasa pale pedali inaposhikiliwa kwa muda mrefu, tazama idadi ya sauti zinazoruhusiwa kulia kwa pamoja ndani ya plagini. Ikifika kikomo, noti za zamani hukatwa ili kutoa nafasi kwa mpya.

Mlio mmoja wa kubofya mwanzoni au mwishoni mwa kipande si tatizo la kompyuta. Wimbi limekatwa likiwa mbali na sifuri. Weka fedi (kupandisha au kushusha sauti polepole) ya milisekunde chache.

Mwisho umekatwa, au noti ya kwanza haipo

Mkia wa riverbu huendelea baada ya noti ya mwisho kuachiwa. Ukirekodi kwa muda halisi, acha programu iendelee kunasa kwa vipimo viwili zaidi baada ya mwisho. Ukirenda, tafuta chaguo linalohusu mkia: Logic ina Include Audio Tail, Reaper hukupa muda wa mkia kwa milisekunde, na FL Studio hukuuliza kama sauti inayobaki ikatwe, iachwe au izungushwe irudi mwanzoni. Hilo la kuzungusha ni la kutengenezea lupu (kipande kinachojirudia). Ukilichagua kwa wimbo mzima, utakuta mkia wa kiitikio cha mwisho umemwagika juu ya utangulizi.

Mwanzo unaopotea una mambo mengi zaidi. Mpigaji hai mara nyingi hubonyeza noti ya kwanza kabla kidogo ya mstari wa kipimo, na programu ikianza kurekodi pale pale kwenye mstari, amri ya kuanza noti imekwisha kupita. Vivyo hivyo kwa pedali iliyokanyagwa kabla ya mahali unapoanzia, na kwa mabadiliko ya sauti ya ala yaliyotumwa mapema. Programu nyingi zina mpangilio wa kufuatilia noti na maagizo yaliyotangulia, ambao Logic huuita Chase na Live huuweka kwenye menyu ya Options kwa jina la Chase MIDI Notes. Uwashe. Hata hivyo hautasaidia kwa kila kitu: maktaba za vinanda vya nyuzi na za tarumbeta hutumia noti za chini kabisa kama swichi za kubadilisha mtindo wa upigaji, na swichi iliyobonyezwa na kuachiwa vipimo kumi nyuma haihesabiki tena kama noti inayoendelea. Violini zilizotakiwa kuvutwa kwa upinde zitatoka zikidonolewa. Njia ya uhakika ni kusogeza wimbo wote mbele kwa kipimo kimoja au viwili, kuandika swichi upya karibu na mwanzo wa kila kipande, na daima kuanza kurekodi kutoka kwenye kimya.

Sauti iliyorekodiwa si ile niliyoisikia

Uliza kwanza kama efekti zimeingia mara mbili. Ukirekodi baada ya efekti kisha ukanakili chaneli nzima pamoja na plagini zake kwenye traki ya sauti, kompresa itafanya kazi juu ya kazi yake yenyewe na riverbu itaingia ndani ya riverbu. Ukirekodi kutoka njia kuu, efekti za Master nazo zimo ndani ya faili, na zitajirudia wimbo utakapochezwa. Ndiyo maana sipendi kudaka ala moja kutoka njia kuu isipokuwa kwa kutafuta vionjo.

Kinyume chake pia hutokea. Low Latency Mode ya Logic huruka plagini zinazochelewesha sauti kupita kikomo ulichoweka wakati traki imeandaliwa, kwa hiyo kinachorekodiwa hakina plagini hizo. Na riverbu inayopatikana kwa njia ya send (nakala ya sauti inayotumwa kwenye chaneli ya pembeni) haipiti kwenye njia ya kutokea ya chaneli. Ukielekeza chaneli ya ala kwenye Bus, utapata ala kavu. Hilo si kosa. Fundi wa mikisi kwa kawaida hutaka ala kavu, na riverbu kama faili la pembeni.

Ikiwa tofauti ni ya kiwango tu, tazama Normalize (kurekebisha kiwango cha sauti) kwenye Bounce in Place. Ikiwashwa kikamilifu huvuta kila faili juu, na uwiano wote uliouweka kati ya besi na kinanda hupotea. Chagua ile hali ya kuzuia kupasuka tu, au uizime. Ukirekodi faili la biti 24, chochote kinachopita desibeli sifuri hukatwa kichwa na hakirudi. Biti 24 zina nafasi ya takriban desibeli 144 kinadharia, hivyo hakuna faida ya kubana kilele karibu na sifuri. Acha desibeli 6 au zaidi. Faili la biti 32 za nukta inayoelea husamehe makosa hayo, kwa gharama ya ukubwa.

Arpejieta (kifaa kinachopiga noti za kodi moja baada ya nyingine) na vitu vinavyofuata tempo vinaweza kuanza katika hatua tofauti kulingana na mahali ulipobonyeza kitufe cha kucheza. Anza kurekodi mahali pale pale kila mara.

Wimbo umeshuka ufunguo na umerefuka

Faili lilirekodiwa katika 48 kHz na linachezwa kana kwamba ni la 44.1 kHz. Sauti itashuka kwa karibu robo tatu ya toni, na wimbo wa dakika 4 utachukua dakika 4 na sekunde 21. Kinyume chake kitapandisha ufunguo na kufupisha wimbo. Hakikisha projekti na kadi ya sauti vinasoma kiwango kimoja, na unapoingiza faili kutoka kwingine, kubali programu ilibadilishe kiwango badala ya kulisoma jinsi lilivyo.

Faili ni kubwa mno kutumwa

Stereo ya biti 24 katika 48 kHz hutumia takriban megabaiti 17.3 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye ala 12 hufika megabaiti 830 hivi, na kwa anayetuma kwa bando la simu hilo si jambo dogo. Besi, kiki na sneya kavu kwa kawaida zinaweza kurekodiwa kama mono na kupunguza nusu ya ukubwa bila hasara. Lakini kinanda cha umeme chenye mtetemo unaohama kushoto na kulia, kama vile Vintage Electric Piano ya Logic ikiwekwa tremolo ya stereo, kitaupoteza mwendo huo kikifanywa mono. Ili kujua, sikiliza kwa hedifoni huku ukibadilisha kati ya mono na stereo. Pasipo tofauti, mono inatosha. Usikimbilie MP3 ili kupunguza uzito.

Nimegeuza, sasa nataka kubadilisha noti moja

Ikiwa ulitumia Flatten ya Live, noti zimeondolewa na nafasi yake imechukuliwa na sauti. Bonyeza Undo ikiwa bado inakubali, vinginevyo fungua toleo la zamani la projekti. Kwa sababu hiyo, nakili traki kabla ya kuifanyia Flatten. Katika Logic chagua chanzo kinyamazishwe, si kifutwe. Traki ya ala iliyonyamazishwa bado inaweza kula kumbukumbu, hivyo zima plagini yenyewe au ifiche traki baada ya kuizima, uhifadhi projekti kwa jina jipya, na uandike kwenye jina la traki ni plagini gani na sauti gani iliyotumika, kwa kuwa ukibadilisha kompyuta, plagini isipokuwepo, jina hilo ndilo litakalobaki la kukuelekeza.